Mshipa wa Nurudin

Asubuhi ya Jumanne watu watano walisimama mbele ya bucha ya Kasim, pale Majengo, Meru mjini, na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua nyama. Walikuwa wanamwangalia Nurudin, kijana wa mwenye bucha, akisimama kwa mguu mmoja juu ya ngazi ya mlango. Anapanda kwa vidole, anakaa huko juu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani, halafu anashuka polepole, polepole sana, kama anateremsha sufuria ya uji moto. Anapumzika. Anapanda tena. Kando yake dada yake Zuleka amekaa kwa kreti ya soda, simu mkononi, anahesabu sekunde.

"Thelathini na nane. Usikunje goti. Thelathini na tisa."

"Sister, watu wananiangalia."

"Si ulitaka kuwa maarufu? Arobaini."

Zuleka alisomea fiziotherapia. Siku nne kwa wiki alifanya kazi ya mkataba kwa hospitali moja mjini, akifundisha wazee waliopata kiharusi kushika kijiko upya. Siku zilizobaki alikuwa na begi lake la tepu, mipira ya kuvuta na taulo, huko barabara ya Ruiri ambako wakimbiaji wanafanyia mazoezi kwa vumbi, akiwaangalia magoti, nyonga na visigino. Kwake nyumbani kazi hiyo ilikuwa na jina moja tu. Mtu akimuuliza Kasim msichana wake anafanya nini, Kasim alijibu, "Anakanda watu." Zuleka akisikia alisema, "Sikandi, Baba," na babake akasema, "Haya basi, unasugua," akaendelea kukata nyama.

Sasa mgonjwa alikuwa wa nyumbani. Nurudin alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikimbia mita elfu tano vizuri kiasi cha kujulikana. Jumamosi hiyo, kwa uwanja wa shule kule Kaaga, kochi mmoja anaitwa Mutuma alikuwa anakuja kuchagua wakimbiaji wa timu ya kampuni ya chai. Ukichaguliwa unapata kazi, chumba na viatu, na unakimbia ukivaa jina la kampuni kifuani. Baada ya wiki nane kungekuwa na mchujo wa pili, kule Embu. Baada ya huo, mlango unafungwa.

Na kisigino cha Nurudin kilikuwa kimevimba nyuma, uvimbe mdogo kama harage, palepale juu ya mfupa. Asubuhi akitoka kitandani alitembea hatua kumi za kwanza kama mzee wa miaka tisini. Zuleka alimpeleka kupigwa picha. Kwenye picha kulionekana kitu kama kamba ya katani, na katikati nyuzi chache zilikuwa zimechanika. Si nyingi. Lakini Jumamosi ilikuwa haiwezekani, na Zuleka alimwambia hivyo bila kuzunguka. Mpango wake ulikuwa rahisi: Nurudin afanye hiyo kazi ya ngazi kila siku, Zuleka aongee na Mutuma, jina lihamishwe liende Embu.

Mmoja wa wale watano, fundi wa baiskeli anaitwa Kiambi, alichoka kuangalia bila kuelewa. Akanyoosha shingo ndani ya bucha akamuuliza Kasim huyu kijana ana nini.

Kasim alikuwa na kisu mkononi na mteja mbele yake. Hakuinua macho.

"Ana mshipa," alisema.

Kiambi alirudisha shingo yake polepole. Akamwangalia Nurudin upya, kuanzia kiunoni. "Pole sana," alimwambia, kwa sauti ya msibani, na akaondoka bila hata kuaga.

Shida ya neno mshipa ni kwamba limebebeshwa mizigo mingi. Damu inapita kwa mshipa. Ukilala vibaya shingo ikagoma, ni mshipa umeshikana. Mtu akikasirika, mshipa unamtoka kwa paji la uso. Lakini ukisema mwanaume fulani ana mshipa, halafu ukanyamaza hapo, kila mtu kutoka Majengo mpaka Mitunguu anajua unasema nini, na hakuna anayefikiria kisigino. Ni ule wa chini, wa ngiri. Ule ambao wauza dawa za miti shamba wanautangaza kwa kipaza sauti siku ya soko, katikati ya minyoo na nguvu za kiume.

Zuleka alimsikia babake vizuri. Hata hivyo hakushtuka, kwa sababu neno lenyewe ni yeye aliyempa. Siku iliyotangulia, saa ya chakula cha mchana, Kasim alishika ile picha akaigeuza juu chini akauliza hii kamba ni nini. Zuleka alijua jina lake kwa Kizungu, vile walivyofundishwa chuoni. Akalitafuta la Kiswahili, babake akingoja na kipande cha chapati hewani, na lililokuja likawa hilo. Mshipa, Baba. Mshipa wa kisigino. Kasim alilichukua, akaenda nalo dukani, na kwa kuwa yeye ana foleni ya wateja na hana muda wa maneno marefu, kisigino kikaanguka njiani.

"Arobaini na tano," Zuleka alisema. "Shuka. Mguu mwingine."

*

Siku mbili zilizofuata zilikuwa na heshima nyingi ajabu. Nurudin alikwenda kwa Kiambi kuchukua baiskeli ya mazoezi, kwa sababu Zuleka alimkataza kukimbia lakini akamruhusu kuendesha, na Kiambi akaitoa ile saddle ngumu akaweka nyingine pana yenye sponji, bila kuulizwa, bila malipo. Msikitini, baada ya adhuhuri, mzee mmoja alimvuta kando akamwambia operesheni yenyewe si kitu, yeye alifanyiwa na wiki ya pili alikuwa anachinja. Nurudin alirudi nyumbani akimuuliza dadake kama kisigino kinafanyiwa operesheni. Zuleka akamwambia aachane na madaktari wa msikitini.

Kijana hakuwa mjinga. Ni vile tu mtu anayeumwa kisigino anafikiria kisigino.

Jumatano jioni alimpigia kochi Mutuma mwenyewe, simu ikiwa kwa spika, mamake Hidaya akichambua mchele hapo kando na Zuleka akikunja taulo. Alianza kueleza habari ya Embu. Mutuma alimkatiza kwa upole.

"Nimeshasikia, kijana. Pole. Hiyo si kitu ya kuonea aibu, wanaume wengi wako nayo. Lakini kwanza uende hospitali ushonwe vizuri."

"Kochi, dada yangu anasema haihitaji kushonwa. Wiki nane tu."

Halafu Mutuma akasema dada mtu hawezi kujua mambo hayo, na kwamba mwaka jana kuna mmoja alificha ya kwake, akaanguka kambini akibeba maji, na kampuni ikamwandikia yeye Mutuma barua mbaya. Jina la Nurudin ameliondoa, la Kaaga na la Embu. Akamtakia afya njema akakata.

Hidaya aliacha mchele. "Kisigino tu?" aliuliza. "Mtu anafukuzwa kwa kisigino?"

Nurudin aliinuka. Alikwenda akakaa juu ya ngazi ya bucha iliyofungwa, akakunja suruali yake ya mazoezi akajiangalia kisigino kama mtu anayetafuta kosa kwa karatasi ya mtihani.

Zuleka aliandika barua. Aliandika vile alivyofundishwa, ukurasa mzima wa Kizungu safi, na jina la Kilatini ndani yake, na picha ikabanwa nyuma. Alhamisi asubuhi alimpelekea Mutuma mkononi, pale hotelini anapokunywa chai, kabla ya kwenda kazini. Mutuma alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula mandazi. Aliisoma mwanzo mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Wewe ndiye ule msichana wa kukanda?"

"Mimi ni fizio."

"Sawa. Hapa umeandika mambo ya mguu." Aliikunja barua mara nne. "Nakuheshimu sana kwa kumfunika ndugu yako. Hata mimi ningekuwa na dada kama wewe ningefurahi. Lakini kampuni haiwezi."

Zuleka alitoka hapo akijua ametukanwa lakini hajui tusi liko wapi. Siku nzima hospitalini alikosea kuhesabu. Mzee mmoja aliinua kijiko mara ishirini na tano badala ya kumi, akawa anamwangalia tu kwa huruma.

*

Aliyefungua macho ya nyumba ile ni Veronicah, mama anayeleta ndizi kutoka Mitunguu kila Alhamisi na kuuza pale kwa veranda ya bucha. Alimngoja Zuleka arudi kazini. Alikuwa na chupa ya soda iliyojazwa kitu cheusi, mdomoni imezibwa na gunzi la mahindi.

"Hii ni ya ndugu yako," alisema, akiiweka mkononi mwa Zuleka kama anampa mtoto mchanga. "Kikombe moja asubuhi, moja jioni. Asibebe kitu mzito. Na mwambie asione haya, hata ndugu ya bwana yangu alikuwa nayo, saa hii ako na watoto wanne."

Zuleka alimuuliza ni dawa ya nini.

"Si ni ya mshipa."

"Mshipa wa kisigino?"

Veronicah alimwangalia kwa muda. Kisha akaanza kucheka, akajaribu kuacha, akashindwa, akakaa juu ya ndizi zake. "Kumbe ni kisigino," alisema. "Uui, mwanangu. Mji mzima tunaombea kitu ingine."

Akamweleza. Kiambi alimwambia mke wake. Mke wa Kiambi alisema kwa chama. Kwa chama kuna dada ya Mutuma. Habari zilikimbia mji mzima kwa siku moja, na Nurudin, aliyekatazwa kukimbia, ndiye aliyekuwa anaongoza.

Kuna maneno ambayo msichana wa nyumba ile hawezi kumwambia babake, awe amesoma miaka mingapi. Zuleka alimwambia mamake. Hidaya alisikiliza mpaka mwisho, akafunga leso vizuri, akamwita mumewe chumbani, akavuta pazia. Zuleka alibaki sebuleni na ile chupa. Alisikia sauti ya mamake chini chini, kisha babake akisema, "Mimi? Mimi nilisema hivyo?"

Kasim alitoka bila kumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja dukani, na Zuleka akamfuata kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kulikuwa na mbuzi mmoja amebaki, amening'inia kwa ndoano. Kasim alimshika mguu wa nyuma, pale ndoano ilipopita, kati ya mfupa na ile kamba nyeupe inayotoka kisiginoni.

"Ni hii?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Ni hiyohiyo."

"Hii unaitaje?"

Zuleka alisema jina la Kizungu.

"Kwa Kiswahili."

Kasim aliigonga ile kamba kwa ukucha, ikatoa sauti kavu kama uzi wa gitaa.

"Hii ni kano," alisema. "Miaka thelathini wateja wananigombeza kwa sababu yake. Kasim umeniwekea kano, Kasim nyama yako ni kano tupu. Kila asubuhi naning'iniza mbuzi kwa kano. Ungeniambia mtoto ana kano, mimi ningemwambia Kiambi ana kano, na Kiambi angeenda kulala." Akaiacha. "Chuo miaka mitatu na hawakuwaambia kano."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Zuleka. Alitaka kusema kwamba neno alilijua, alilisikia tangu akiwa mtoto chini ya meza hiyo hiyo, ila alidhani ni neno la bucha. Hakudhani ni la binadamu.

Nurudin alipoambiwa alilala kifudifudi kwa kiti kirefu cha sebuleni akaweka mto juu ya kichwa. Kutoka chini ya mto alisema hatatoka nje mpaka azeeke. Baadaye kidogo akauliza, sasa wataambiwaje? Mtu atasimama katikati ya soko aseme nini? Hidaya alisema wengine wakiambiwa ni uongo ndio wataamini zaidi.

*

Jumamosi, uwanjani Kaaga, Zuleka alikuwa kazini. Wakimbiaji kumi na wawili wa Ruiri walikuwa wake kwa njia moja au nyingine, na kutoka saa moja alikuwa amepiga magoti kwa nyasi akifunga vifundo vya miguu kwa tepu, akiuliza huyu amelalaje, akimkataza yule kujinyoosha sana kabla ya kukimbia. Nurudin alikuwa amekuja pia. Alisimama mbali, kando ya ua, na suruali ndefu ya mazoezi, zipu mpaka chini. Zuleka alijua ndani yake amevaa kaptula ya mbio. Hakumuuliza.

Mpango wake ulikuwa kumwendea Mutuma baada ya mbio, kwa faragha, na kutumia neno kano mara nyingi iwezekanavyo. Mutuma alikuwa chini ya hema dogo la turubai na karani wake na karatasi ya majina.

Kasim aliingia uwanjani saa tatu kasoro. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na juu yake ile aproni ya dukani, na kwapani alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa magazeti. Wakimbiaji walimpisha. Zuleka alimwona akipita mbele yake kama hamjui, akafika hemani, akasalimia, akafungua magazeti. Ulikuwa mguu wa nyuma wa mbuzi, mzima, na kwato lake.

"Kochi," alisema, "mimi ni baba ya Nurudin. Ni mimi nilisema ana mshipa."

Karani aliacha kuandika. Mutuma alisema mzee, si lazima tuongee hapa.

"Ni lazima hapa, kwa sababu pale nilisema mbele ya watu." Kasim alitoa ndoano mfukoni mwa aproni, akaipitisha nyuma ya ile kamba nyeupe, akaining'iniza kwa chuma cha hema. "Mimi sijui Kizungu cha barua. Mshipa wenyewe ni huu. Sisi tunaita kano. Iko hapa kwa mbuzi na iko hapa kwa kijana." Aligusa nyuma ya kiatu chake mwenyewe. "Haiko pahali pengine popote."

Wakimbiaji walikuwa wamesogea. Mmoja alicheka akapigwa kiwiko. Kasim aliona jeri la maji ya wakimbiaji, la lita ishirini, limejaa. Akalivuta, akalifunga kwa kamba kwenye lile paja lililoning'inia chini, akaliachilia. Mguu ulinyooka. Kano ikakaza ikawa kama waya. Hema ndilo liliinama, karani akakimbilia kushika nguzo, na kano haikusema kitu.

"Inabeba mbuzi mzima toka asubuhi mpaka jioni," Kasim alisema. "Sijaona ikikatika."

Mutuma alizunguka ule mguu akiutazama. Halafu mabega yakaanza kutikisika, filimbi ikaruka kifuani, na akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Alitoa barua ya Zuleka mfukoni, bado imekunjwa mara nne, akaikunjua akaisoma tena. Safari hii aligeuza na picha akaitazama.

"Kwa hivyo ile ingine iko sawa," alisema.

"Ile ingine haijawahi kuwa na shida," Kasim alijibu, akiangalia milimani.

Hapo ndipo mambo yangeisha vizuri, watu warudi nyumbani. Lakini Mutuma alikuwa kochi, na kochi akiona kitu chenye nguvu anataka kukiona kikikimbia. Alitazama karatasi yake. Kuna mmoja, Muthamia, alikuwa hajafika, na mbio za elfu tano ni baada ya nusu saa.

"Kama kano yenyewe ndiyo hii," alisema, "mimi naona kijana anaweza. Nafasi iko. Akimaliza katika watano wa kwanza, nimemchukua leo leo, mambo ya Embu tusahau. Ako wapi?"

Nurudin alikuwa ameshafika. Zipu moja ilikuwa tayari imefunguliwa mpaka gotini.

"Hapana," Zuleka alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa bado amepiga magoti, tepu mkononi, mguu wa mtu mwingine mapajani. Nurudin alimwambia kwa sauti ya chini kwamba tangu jana hasikii maumivu, hata asubuhi alitembea sawa, na kwamba hii ni dakika kumi na nne tu za maisha yake. Mutuma akamuuliza wewe hapa ni dada ama ni daktari. Zuleka aliweka tepu chini. Alisimama, akajipangusa nyasi, akamtazama babake.

"Baba. Hiyo kano, kisu kikiteleza ukaikata kidogo. Kidogo tu, nyuzi tatu nne. Utaning'iniza mbuzi nayo?"

Kasim alitazama ule mguu. Alitazama jeri. Alimtazama kijana wake, na ile zipu. Angeweza kusema ndiyo. Hapo uwanjani hakukuwa na mchinjaji mwingine wa kumpinga, na neno lake ndilo lililokuwa na uzito siku hiyo kuliko la mtu yeyote. Alilamba midomo.

"Hapana," alisema.

"Ungefanyaje?"

"Ningening'iniza kwa mguu ule mwingine." Alianza kufungua kamba ya jeri, mikono yake haikuwa na haraka. "Mbuzi huyo ananing'inia kwa mmoja. Kijana huyu anakimbia na yote miwili. Mwache."

Nurudin aliinama akavuta zipu ikarudi chini, polepole, kama anavyoshuka ngazi. Akaenda zake ule upande wa ua. Mutuma aliuma kalamu. Kisha akachukua karatasi nyingine, ya Embu, akaandika jina chini kabisa, na kando yake, baada ya kumuuliza Kasim herufi, akaandika: kano.

Muthamia alifika akihema, akakimbia, akawa wa tisa.

*

Nurudin hakuongea na dadake siku nne. Alikuja kwa ngazi kila asubuhi, akapanda, akashuka, na kuhesabu akahesabiwa na wateja. Wiki ya tatu Zuleka alimpa begi la mgongoni lenye mawe ya mizani ya babake. Wiki ya tano alimruhusu kukimbia dakika moja, kutembea dakika mbili, kwa nyasi tu, na alipomwona akikanyaga kwa woga alimtukana mpaka akakanyaga sawasawa. Ule uvimbe wa harage ukabaki kama punje ya ngano. Ile chupa ya Veronicah Hidaya aliimwagia mgomba, na mgomba haukupata madhara.

Mjini habari haikurekebika yote. Kuna walioambiwa ni kisigino wakakonyeza. Kiambi hakuitoa ile saddle pana.

Embu, asubuhi ya mchujo, karani alikuwa na fomu na swali lake: kuna tatizo lolote la mwili, la sasa au la zamani? Nurudin alisema alichanika kano ya kisigino, imepona, dadake ana barua. Karani akamtazama Kasim aliyesimama nyuma na mkewe, akamuuliza mzee una la kuongeza. Kasim alifungua mdomo. Hidaya alimtazama. Kasim akasema kijana aliwahi kuwa na mafua.

Mita elfu tano ni mizunguko kumi na mbili na nusu. Nurudin alikaa katikati ya kundi mizunguko kumi, na Zuleka, kando ya uwanja, hakuangalia uso wake hata mara moja. Aliangalia kisigino cha kushoto kikigusa na kuondoka, kikigusa na kuondoka. Kilikuwa kinaondoka sawa na chenzake. Mzunguko wa mwisho wawili walimpita na yeye akapita watatu. Alikuwa wa nne. Mutuma alichukua watano. Alipoita majina alilitaja lake kama mengine, bila kicheko, na Nurudin alitoka kwa mstari akaja mpaka alipokaa dadake, akalala chali kwa nyasi, akamwekea mguu mapajani bila kusema neno. Zuleka alibana ile kano kwa vidole viwili, juu mpaka chini.

"Inauma?"

"Hapana."

"Kesho asubuhi ndio utaniambia."

Huko nyuma yao mama mmoja, mkulima wa pale Embu, alikuwa amemshika Kasim kwa mkono wa kanzu. Alikuwa na binti yake anayechechemea, viatu vya mbio mkononi. Alimuuliza kama ni kweli yeye ndiye baba ya yule msichana anayekanda watu.

"Hakandi," Kasim alisema. "Huyu ni daktari wa kano."

Mama akauliza kano ni kitu gani.

Kasim aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na kwa kuwa hapo karibu hakukuwa na mbuzi, akainama akavua kiatu.